Mkono wa Kushoto wa Wifi

Asubuhi hiyo wifi yangu, mchoraji wa sura za watu, aliosha vikombe, akafagia chumba chake cha kazi, akaegemeza kioo cha kujitazamia ukutani. Leo alikuwa anajichora mwenyewe. Mshauri nasaha wake ndiye aliyemtuma: "Mchore yule unayemficha. Yule anayetaka kupendwa."

Na wifi alitaka kupendwa, tena sana. Kaka yangu, seremala, alikuwa amemchoka. Mezani alimpa ukimya, kitandani alimpa mgongo.

Basi akamchora mwanamke mwenye tabasamu, bega wazi, macho yasiyoomba ruhusa. Kwa hamu aliyokuwa nayo akasahau jambo ambalo hata mwanafunzi hulikumbuka, kwamba kioo hugeuza. Mwanamke wa pichani akashika brashi kwa mkono wa kushoto. Wifi alipogundua, rangi ilishakauka. Akaona maji yakimwagika hayazoleki, akaiacha.

Kaka aliitengenezea picha fremu, akaiwekea kioo. Akaitazama mpaka chai yake ikapoa.

"Huyu ndiye niliyemuoa," alisema.

Maneno hayo yalimchoma wifi kuliko tusi.

Baada ya wiki, kaka alimfuata jikoni akamshika kiuno. Tangu lini? Wifi alikaribia kulia kwa furaha.

"Jana alasiri ulinikumbusha mbali," kaka alimnong'oneza.

"Jana alasiri nilikuwa sokoni."

"Acha utani. Si ulinipapasa mgongo mpaka nikasinzia?"

Wifi akamfunua shati. Mgongoni palikuwa na alama ya kiganja, rangi mbichi. Akaweka kiganja chake cha kulia juu yake. Kidole gumba kikaangukia upande usio wake.

Alichukua kisu cha kuchanganyia rangi, akaenda chumba cha kazi. Jua lilikuwa linawaka dirishani. Mwanamke wa pichani hakuwa akitabasamu tena. Mkono wake wa kushoto ulikuwa mtupu.

"Nitakuchana," wifi alinong'ona.

"Umemchosha," sauti yake mwenyewe ikamjibu. "Nipishe."

Ilitoka nyuma yake. Akageukia kioo cha kujitazamia. Alikiona chumba. Aliliona dirisha. Yeye hakuwemo.

Siku hizi nyumba ile ina vicheko. Kaka amenenepa, na wifi haendi tena kwa mshauri. Nikiwatembelea hunimiminia chai kwa mkono wa kushoto, huku akinitazama kama mgeni aliyekaa kupita kiasi.

Juzi alipotoka kwenda uani, nilimuuliza kaka kwa nini picha ile wameigeuzia ukutani.

"Amenuna mno," alisema. "Sikumbuki kama alijichora hivyo."

Niliigeuza. Bega limefunikwa. Mkono wa kulia umeshika kisu. Karibu na mdomo kioo cha fremu kilikuwa na ukungu, nikaupangusa kwa kanga yangu. Haukutoka. Nikapangusa tena kwa nguvu.

Ukungu ule uko upande wa ndani.