Alikiacha Kilemba Brampton

— Toa hiyo kofia, Jasvir.

— Si unisalimie kwanza, bana?

— Toa.

Tulikuwa getini kwao, Kitale, begi lake la safari bado liko begani. Asubuhi alikuwa amenitumia meseji kutoka uwanja wa ndege wa Eldoret: "Nimefika babe. Niko na surprise yako." Mimi mjinga nikadhani ni pete.

Akavua kofia. Hakukuwa na kilemba. Nywele ambazo Sikh hakati tangu azaliwe zilikuwa zimenyolewa fupi kama za kuruta.

— Umefanya nini?

— Nimekata kwa ajili yako, Nelima.

— Usiniingize!

— Sikiza basi. Kule Canada wananiita Mwafrika. Hapa Kitale, mahali babu yangu alizaliwa, mimi ni Kalasinga tu. Masikh wenzangu kule Brampton kila wikendi wako barabarani na bendera, wanadai Punjab iwe nchi ya Masikh, ati taifa letu. Taifa gani? Punjab yenyewe sijawahi kukanyaga. Nimechoka kubeba nchi ya watu kichwani. Twende Canada, tufunge ndoa ya serikali, tuwe watu wa kawaida.

Kabla hajaenda kuendesha malori huko, baba yake aliniambia hatabariki ndoa mpaka niwe Sikh. Nikakubali. Kila Jumapili nikawa gurudwara, hekalu letu, nasukuma chapati za kulisha yeyote anayeingia. Mama yake akanifundisha kusoma sala kwa Kipunjabi, na kumwita mzee Papaji, yaani baba.

Mwanzoni nilikuwa naigiza, nisidanganye mtu. Nilitaka mume. Halafu asubuhi moja nikajikuta naomba, na hakuna aliyekuwa ananitazama. Mwezi uliopita nikala kiapo, nikapewa jina la Kaur kama wanawake wote wa Sikh. Harusi ilikuwa iwe Jumapili hii.

— Jasvir, mimi nimeapa.

— Si uliapa kwa sababu yangu?

— Nilianza kwa sababu yako.

— Basi imeisha. Hakuna mtu anakulazimisha tena.

— Hakuna mtu ananilazimisha! Hapo ndipo hunielewi!

— Mimi gurudwara sirudi, Nelima.

— Na mimi sitoki.

Kelele zetu zikamtoa baba yake ndani. Mzee Tejinder alimwona mwanawe, akashika ukuta. Hakumtukana. Hakumsalimia pia. Aliongea na mimi.

— Nelima, rudi kwenu.

— Papaji?

— Harusi hakuna. Utafanya nini hapa?

— Papaji, mimi ni Kaur. Si wewe ulinipeleka siku ya kiapo? Ulilia, nilikuona.

— Ulikuwa Kaur wa Jasvir. Sasa nitawaambia watu wewe ni nani?

Akaingia ndani. Komeo la mlango likalia.

Jasvir akanishika mkono.

— Umeona? Hao ndio unawachagua badala yangu. Twende, mpenzi. Tafadhali.

Nilimpenda hata wakati huo, na hilo ndilo liliniumiza kuliko yote. Angekuwa amenichukiza, ingekuwa rahisi. Nilitamani kulala kifuani pake, nisikie tena vile alikuwa ananiita Neli. Lakini nilijua nikienda naye, kila alfajiri nitajificha bafuni kusali kama mwizi.

— Nenda, Jasvir.

— Utaenda wapi wewe?

Nikautoa mkono wangu mkononi mwake. Akasimamisha bodaboda, akaenda analia bila kujificha.

Nikakaa kando ya barabara nikampigia baba yangu, mzee wa kanisa kule Bungoma. Tulikuwa hatujaongea tangu nile kiapo. Nilishangaa alipopokea.

— Baba, ni Nelima. Harusi imevunjika. Nataka kuja nyumbani.

Nikamsikia mama kwa nyuma akiuliza ni nani.

— Umerudi kwa Yesu?

Ningeweza kudanganya. Neno moja tu, na jioni ningekuwa jikoni na mama nakula ugali wa moto.

— Hapana, Baba.

— Basi kaa huko na watu wako.

— Watu gani, Baba?

Alikuwa ameshakata simu.