Mafuta Yaliyowasha Koo

Tsipora Azulai alikutwa amekufa kwenye kochi lake. Jikoni kulikuwa na sufuria nne za chakula alicholetewa na dada yake Mazal, chote kimevunda bila kuguswa. Askari mmoja alifungua madirisha yote.

Tsipora hakuwa na jeraha wala sumu mwilini. Sonona, ule ugonjwa wa huzuni kuu, ilimfikisha mahali pa kuacha kula na kunywa. Inspekta Wajdi Halabi angefunga jalada, kama si taarifa ya kliniki iliyoandikwa siku tatu kabla ya kifo: hali ni ileile, anakula, analala.

Mazal alieleza kwamba dada yake alikuwa kwenye majaribio ya dawa ya Dokta Gadi Perlmutter, kwenye kliniki hiyo ya Haifa. Nusu ya wagonjwa walipewa mafuta yenye dawa itokanayo na bangi, nusu mafuta matupu, kwa kura ya siri. Tsipora aliambiwa aache kwanza vidonge vyake vya zamani, akatii.

Nakala ya kura, iliyofungiwa kwenye chuo kilichosimamia majaribio, ilionyesha kwamba Tsipora alipangiwa dawa. Maabara haikuona chembe ya bangi katika damu yake wala katika chupa yake ya mafuta.

Halabi alionja tone moja la mafuta hayo, likamwasha koo. Mtu wa Galilaya, nchi ya mizeituni, hakosei hapo: yalikuwa mafuta mapya ya zeituni, ya msimu huu. Mafuta matupu ya kiwandani hayana ladha yoyote. Alikwenda ofisini kwa daktari na kukuta debe la mafuta ya zeituni nyuma ya mlango, kama yale ambayo wagonjwa humletea daktari wao kila vuli.

"Nani alikupa hili?"

"Wanaleta wengi. Sikumbuki."

"Kuna kikaratasi hapa. 'Asante daktari wangu, Tsipora.' Umemjazia chupa kwa zawadi yake mwenyewe."

Perlmutter aliomba maji, akayanywa yote taratibu. Halabi alichukizwa hata na sauti ya kumeza kwake.

"Kura ilimpa dawa. Ilikwenda wapi?"

"Kwa wenye huzuni nyepesi. Waliozidiwa hawapati nafuu kwa wiki sita za majaribio, Inspekta. Wangeniharibia matokeo. Chupa za waliozidiwa nikazimwaga dawa na kuzijaza mafuta ya debe, na orodha yangu nikaibadilisha pia."

"Ukaandika anakula."

"Mgonjwa akizorota anaondolewa kwenye majaribio na kurudishiwa vidonge vyake. Chuo kingeuliza maswali. Miaka tisa ya kazi yangu ingekwenda bure."

"Ulimwona amekonda?"

"Nilimwona."

Halabi alisogeza kiti nyuma. Hakutaka kukaa karibu na mtu yule.

"Lakini hao wengine wamepona," Perlmutter alisema. "Huenda dawa inafanya kazi kweli."

"Huenda. Na wewe umehakikisha hakuna atakayejua. Wangapi wamebaki na mafuta ya debe hili?"

"Kumi na mmoja."

Halabi alimnyang'anya orodha, akaanza kupiga simu palepale. Wa kwanza alipokea, na wa pili. Simu ya tatu iliita mpaka ikakatika. Aliipiga tena huku akikimbilia gari.