Kisu Kilichokunjwa na Damu

Siku ya tatu baada ya akika ya bintiye, Issa aliomba apikiwe utumbo. Husna, mkewe, alidhani anataniwa. Tangu aolewe hapo Lukozi hakuwahi kumwona mumewe akisogelea sufuria ya utumbo. Mwenyewe alikuwa akisema ule ni mfuko wa mavi hata ukioshwa na mto mzima. Mama mkwe, Bi Hadija, alishikilia kwamba supu ya utumbo isiyo na ndizi mbichi ni maji ya kunawia. Husna alikuwa mtu wa maini ya kuchoma. Walibishana hivyo kila Idi, wakicheka, na Issa akihamia barazani na sahani yake ya wali.

Siku hiyo alikula bakuli tatu, akaramba na vidole. Kisha akasema kesho wasiuoshe sana.

Bi Hadija akamtazama mwanawe, akauliza habari za kisu cha marehemu baba yake. Kilikuwa kisu cha kukunja chenye mpini wa pembe, na hakikumtoka Issa mfukoni: alikatia kamba za viroba, alimenyea miwa, alichongea vijiti vya meno. Lakini ukoo wao ulikuwa na sharti. Kisu kilichochinja huoshwa kwa majivu na kulazwa wazi juu ya jiwe hadi asubuhi, ili kinachofuata damu kipate kwenda zake, ndipo kikunjwe. Na siku ya akika mvua ilikuwa inakuja, gari la kabeji linapiga honi barabarani. Issa alichinja mbuzi, akakifutia kisu kwenye majani, akakikunja, akakimbilia kupakia kabeji zake.

"Ulikiosha, mwanangu?"

"Nilikiosha, mama."

Husna alikuwa amemwona. Akanyamaza, kwa kuwa hakutaka kumuumbua mumewe mbele ya mama yake, na kunyamaza huko alikuja kukujutia.

Nyumba ikaanza kunuka tumbo la mnyama lililopasuliwa sasa hivi, harufu ya vuguvugu katikati ya baridi ya Julai. Ukasikika na mlio: ka, ka, kisu kikijifungua na kujikunja mfukoni mwa Issa, ilhali mikono yake yote miwili imeshika jembe. Alhamisi mchana, ukungu umeshuka hadi mapaani, Husna alizunguka nyuma ya banda akamkuta amechuchumaa na bandama mbichi, anaimeza bila kutafuna, na alipoinua uso hakumtazama yeye bali alimtazama Mwanaisha, mtoto wao wa miezi mitano aliyelala mgongoni, akamtazama muda mrefu, kisha akameza mate.

Hapo Husna aliogopa kwelikweli. Kesho yake Issa alipokuwa bafuni, alikitoa kile kisu kwenye suruali akakitupa chooni, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo akapumua. Lakini walipokaa kula, mlio ukasikika tena, ka, ka, na safari hii haukutoka mfukoni wala chooni, ulitoka ndani ya kifua cha Issa, chini ya shati, naye akaendelea kumega ugali na kuwatazama kana kwamba wao ndio wenye jambo.

Bi Hadija akamwita Mzee Sharifu, mganga wa Kwai. Alikuja mchana, akamfukizia Issa ubani jikoni, akasoma alivyosoma, kisha akatoka nje akaomba kisu. Husna akapiga magoti, akamweleza alichofanya. Mzee akafunika chetezo.

"Mwanangu," alisema kwa sauti ya chini, "kile kisu ndicho kilichokuwa mlango wa huyo aliyeifuata damu. Ningekifungua, nikakiosha, angetoka. Sasa umemfungia ndani ya mumeo."

"Tutafukua choo, baba."

"Fukueni. Mtapata chuma tu."

Akakusanya vitu vyake bila kugusa chai. Mlangoni aliwanong'oneza wanawake wote wawili kwamba mtoto asilale tena nyumba ile. Husna akamkabidhi bibi mtoto, akaingia ndani kufunga kanga zake haraka, akiwahi gari la mwisho la kwenda kwa mama yake Mlalo.

Alipotoka, Bi Hadija alikuwa amekaa mikono mitupu, machozi yakimtoka.

"Amenichekea kama zamani," alisema. "Akaniomba. Ni mwanangu, Husna. Nikampa."

Issa alikuwa kwenye benchi la jikoni, mtoto amelazwa chali mapajani, gauni limepandishwa hadi kifuani. Kidole chake kilikuwa kinapita tumboni polepole, kikibonyeza, na Mwanaisha alikuwa anacheka kwa kutekenywa.

"Hapa maini," Issa alikuwa akisema. "Hapa bandama."

Husna akasimama mlangoni pa jikoni. Alijua akirukia kumnyakua hatamwahi. Mkono ule mwingine ulikuwa umeshika shingo ya mtoto.

"Baba Mwanaisha," alisema taratibu, "nipe mtoto anyonye."

Issa akainua macho. Sauti yake ilikuwa ya upole, kama ya siku zote.

"Subiri kidogo, mke wangu. Bado figo."