Mluzi Ndani ya Korongo la Mto Mkavu

Uwineza alitia vidole viwili mdomoni akapiga mluzi.

Uligonga ukuta wa mawe, ukavuka kugonga wa pili, ukapanda kule juu ambako mbingu ilibaki utepe mwembamba wa buluu, kisha ukawarudia kutoka nyuma, utadhani kuna wasichana wengine wamejificha mapangoni.

Yeye na mchumba wake, Gratien, walikuwa Namibia, ndani ya hifadhi ya taifa, katika korongo lililochimbwa na mto ambao siku hizo haukuwa na hata tone. Véronique, dada yake Gratien anayeishi Windhoek, ndiye aliyewaalika likizo. Yeye alibaki juu kwenye gari, akisema jua la jangwa ameshalishiba. Uwineza, mtoto wa Bugarama, aliyezoea joto la mashamba ya mpunga, alitembea mchangani akipapasa kokoto zilizoganda ndani ya mwamba, akinong'ona kwamba haya yote ni kazi ya maji.

Gratien hakuwa akiuona mwamba tena.

— Tangu lini unapigaka muluzi?

— Tangu utoto. Bandege bakiingia mu mpunga, unabafukuza na maombi?

Usimcheke Gratien, msomaji. Mama yake, Maman Mukansanga, alikulia Bukavu, na waliokulia ugenini ndio hushika miiko ya kwao kwa meno. Kwake, mwanamke kupiga mluzi ni kuita mikosi nyumbani. Alishasikia minong'ono kwamba Uwineza hupiga, akasema ikiwa ni kweli hatakanyaga kwenye posa. Na Gratien, bila kumuuliza mchumba wake, akamwapia mama kwamba huo ni umbea wa watu.

Sasa alieleza yote, akamwomba Uwineza naye akane.

Uwineza aliketi juu ya jiwe.

— Mbele ya mama yako sitapiga, kwa heshima yake. Lakini kuapa kama sijapigaka, hapana. Ukioa muntu wa uongo, mimi wa kweli nitaishi wapi?

Gratien alimwacha pale. Alienda mbele peke yake hadi pale kuta zinapokaribiana, akainua kichwa. Tabaka juu ya tabaka, mwamba ulipanda mpaka shingo ikamuuma. Maji yalipasua jiwe polepole, miaka isiyo na wa kuihesabu, na yeye anatetemeka kwa ajili ya mluzi. Alijiona mdogo, na udogo ule ukampa raha.

Akarudi, viatu vimejaa mchanga.

— Nifundishe.

Akatia vidole mdomoni. Zikatoka hewa na mate. Uwineza alicheka, na korongo zima likacheka naye.

Walipiga tena, wakarekodi miluzi yote miwili. Walipopanda juu na kupata mtandao, Gratien aliituma WhatsApp na maneno haya: "Maman, nilikudanganya. Uwineza anapigaka muluzi, na amekataa tukufiche. Ninamuoa hivi hivi. Nakuomba ukuje kwa posa."

Alama zikawa za buluu. Uwineza akageukia jangwa ili asiitazame simu.

Kisha ikaita.

— Gratien, kumbe ulikuwa unaniapia uongo.

— Ndiyo, Maman. Unisamehe.

— Mikosi ilikuwa imeshaingia kwangu, na ni wewe uliileta. Huyo mutoto njo ameitoa. Nitakuja kwa posa. Pale mbele ya bazee asipige.

— Asante, Maman.

— Na ule muluzi wa pili, wa mate, ni wa nani?

— Ni wangu.

— Wewe achana nao. Unatupatisha haya.