Kompyuta Iliyofundishwa Woga

Haya yalimkuta rafiki yangu Longinus, dereva wa lori la maharage. Wataalamu walifunga kompyuta yenye kamera ndani ya lori lake, akaifundisha kuona na kuogopa kama yeye, ili imwonye kwa sauti ya Longinus mwenyewe.

Karibu na kijiji cha Kitahana, ukungu ukiwa umetanda, yeye na mwenzake wakakuta matawi barabarani, kama madereva wawekavyo gari likiharibika.

"Naogopa. Usisimame," kompyuta ikasema.

"Mashine jinga! Wenzetu wamekwama," akafoka Nathaniel, dereva mwenzake.

Longinus akapunguza mwendo. Majambazi wakachomoka ukunguni; mapanga yao yakapasua kioo, yakamfyeka Nathaniel shingo. Longinus akakanyaga mafuta. Mifupa ya majambazi ikalia chini ya magurudumu.

Mbele kidogo akamtazama mwenzake. Nathaniel alikuwa ameshakata roho. Ndipo kompyuta ikanena, kwa sauti ya Nathaniel:

"Naona giza. Longinus, mbona hunifuniki?"