Bi Ruhusa na Kibao cha Darasa

Kila asubuhi msichana mmoja wa shule aliianza siku akiwa hoi. Alivaa sare, akaenda chooni, akachukua mkoba, kisha akarudi chooni tena. Mama yake, fundi cherehani katika karakana ya sare za shule, alimsubiri mlangoni huku akipiga miayo.

“Tena? Si umetoka huko sasa hivi?”

“Nakuja, mama.”

Shuleni walimwita Bi Ruhusa. Darasa lao lilikuwa na kibao kimoja cha ruhusa, na asiyekishika hatoki nje. Yeye alikishika mara nne kabla ya mapumziko, mpaka wenzake wakamuuliza harusi yake na hicho kibao ni lini. Vicheko vilimchosha. Akakata shauri kutokunywa maji mpaka arudi nyumbani. Masikini, hakujua kwamba anajipalia makaa.

Wiki tatu nyuma alikuwa ametibiwa maambukizi ya kibofu, na dawa alizimaliza zote. Homa iliondoka, lakini maumivu chini ya kitovu na haja za ghafla zilibaki. Mama akaomba ruhusa kazini mara ya pili, wakarudi zahanati. Majibu yakatoka: mkojo hauna vijidudu.

Mama alijibwaga kwenye benchi. “Mwanangu, nimechoka. Kama shule huitaki, sema nijue moja.”

Msichana alitamani ardhi ipasuke. Kuumwa aumwe yeye, halafu mama yake mzazi amwone mwongo! Hilo lilimuuma kuliko kibofu chenyewe.

Daktari, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba, akawaita ndani.

“Maji unakunywa?”

“Mengi, daktari.”

Daktari akainua kichupa cha mkojo. Rangi yake ilikuwa nzito kama chai iliyosahaulika jikoni. “Hebu niambie kweli. Sikugombezi.”

Machozi yakamtoka. Akasema yote: kibao, vicheko na kiu.

“Sasa sikilizeni,” daktari alisema. “Vijidudu vilipoingia, seli za kinga zilikimbilia kibofuni kupigana navyo. Zilimwaga kemikali, kibofu kikavimba, na mishipa ya fahamu ikapeleka habari kwenye ubongo: nimejaa, naumia! Vijidudu vimekufa, ila baadhi ya seli hazijatulia, na mishipa bado inapiga kelele hata kwa mkojo kidogo. Usipokunywa maji, mkojo unakuwa mkali na kukitonesha kibofu.”

“Kwa hiyo hasingizii?” mama aliuliza kwa sauti ndogo.

“Hasingizii. Kipimo hiki kinatafuta vijidudu, hakipimi maumivu. Anywe maji kidogo kidogo mchana kutwa, aende chooni kwa saa zilizopangwa, na muda kati ya safari moja na nyingine tutauongeza polepole mpaka mishipa itulie. Mwalimu namwandikia barua, asimzuie. Wiki ijayo nimwone tena.” Akamgeukia msichana. “Nawe binti, ukimficha daktari ukweli, atatibu kitu kingine na ugonjwa wako utabaki palepale. Aibu isikufunge mdomo.”

Nje, mama alijaza chupa bombani, akampa.

“Nisamehe, mwanangu. Uchovu ulinizidi, nikaacha kukusikiliza.”

“Hata mimi nimechoka, mama.”

“Najua. Sasa najua.”

Walitembea taratibu mpaka getini, msichana akinywa funda moja moja. Hapo akasimama, uso umemshuka.

“Mama, nataka kwenda chooni.”

Mama akaupokea mkoba, akaketi juu ya jiwe kumsubiri. Safari hii hakusema, “Tena?”