Nondo Chini ya Kawa

Hamdun alipiga ukelele, soko la Kongowea likageuka. Kijana wa watu, kanzu nyeupe pepepe, kofia ya vito imemkaa sawasawa, kashika mkungu wa ndizi na kiwavi kamchoma kiganja kama kaa la moto. Akavua kiatu amponde.

"We! Usimuue!"

Aliyesema ni binti mwenye mtandio wa zambarau na buibui lililoingia vumbi pindoni. Mzuri, mashallah, sina haja ya kuficha. Akamtia kiwavi chupani kwa jani, ndipo akamkumbuka mgonjwa. Alitoa selotepu mkobani, akaibandika kiganjani, akaibandua taratibu, na vimiiba vya kiwavi vikatoka nayo.

"Dada, mimi nalia, wewe wamwonea huruma mdudu?"

"Wewe utapona. Huyu nimemtafuta tangu Ramadhani."

Jina lake Raihana, mwenyeji wa Bofu, ng'ambo ya feri, anasomea wadudu chuo kikuu. Kiwavi yule mnono, wa kijani, anayetambaa kwa kuteleza kama konokono, wataalamu wenyewe humzozania: ni wa jenasi ya Parasa au Latoia? Kumtazama tu hakutoshi. Lazima awe nondo, tena dume, viungo vyake vya nyuma vichunguzwe kwa hadubini. Bila dume tasnifu ya Raihana haikamiliki, na muda wake chuoni ulikuwa unaisha mwezi ule.

"Kwetu Mishomoroni iko migomba uani," Hamdun alisema. "Niachie nimlee."

Mlezi yule! Majani mabichi kila asubuhi, na simu kila jioni.

"Mwanetu hajambo?" Raihana huuliza.

"Kajijengea kifuko kigumu, hata kidole hakikiminyi. Na wewe hujambo, moyo wangu?"

"Tumalize ya mwanetu kwanza!" Lakini alikuwa akicheka.

Nondo alitoka siku ya Alhamisi. Raihana alivuka feri roho juu, amevaa dera jipya la samawati. Alipochungulia chupani akaona tumbo nene na vipapasio vyembamba kama uzi.

"Jike," alisema, machozi yakamlenga. "Mtie kwenye friza, afe bila kuharibika. Angalau nibaki na kielelezo."

Akaondoka bila hata kunywa chai.

Jioni ile mama yake Hamdun alifukiza udi nyumba nzima, kama afanyavyo kila usiku wa kuamkia Ijumaa. Hamdun alifungua friza, mkono ukamgomea. Kwa kuhofia moshi, akamtoa nondo uani, akamweka juu ya sinia na kumfunika kwa kawa la ukindu, lile la kufunikia chakula.

Raihana akapiga. "Umemtia?"

"Sikuweza, kipenzi. Nimemlea mwenyewe."

"Kumbe kazi yangu kwako ni mchezo! Usinipigie tena."

Maskini, hakupata usingizi. Aliporudi kutoka sala ya alfajiri alikuta nondo wadogo wanapapatika juu ya kawa. Akapiga simu, ikakatwa. Akapiga tena na tena mpaka ikapokewa.

"Nimekwambia usi—"

"Nisikize kwanza! Kuna wengine wamekuja, wanamzunguka huyu wetu. Vipapasio vyao kama vitana."

Sauti ya Raihana ikapaa.

"Hamdun! Hao madume! Anawaita kwa harufu yake! Usiwaguse, naja!"

Alifika na ndara mguu mmoja, kiatu mguu wa pili. Alichukua dume mmoja tu.

"Najua kabisa kwamba majike huita," alisema, macho chini. "Jana uchungu ulinizidi, sikufikiri. Ungenitii, ningekuwa nimejimaliza mwenyewe. Nisamehe."

"Yameisha, mpenzi. Na hawa waliobaki?"

"Waache. Wamekuja kuposa."

Jioni simu ikalia Mishomoroni.

"Ni Parasa, Hamdun! Parasa, haina ubishi!"

"Mashallah! Hongera, kipenzi changu! Na mimi je? Mimi waniweka wapi?"

"Wewe huhitaji hadubini. Baba yupo nyumbani Jumapili. Waambie wazee wako wavuke feri."

"Wallahi?"

"Wallahi. Na sinia la posa lije limefunikwa kwa kawa lile lile. Ukileta jingine, nakurudisha."